Kipunjabi hakimalizwi na jirani zake

Juni 2024 Bunge la jimbo la Punjab la Pakistan, mjini Lahore, lilirekebisha kanuni zake ili mbunge aweze kusimama na kuzungumza Kipunjabi, Kisaraiki, Kipothwari au Kimewati, kama alivyokuwa akizungumza Kiurdu na Kiingereza tangu zamani. Muda mfupi baadaye yakatoka matokeo ya lugha ya sensa ya Pakistan ya mwaka 2023: waliotaja Kipunjabi kuwa lugha yao ya mama ni asilimia 37 ya watu wote, ilhali sensa ya 1981 ilikuta asilimia 48. Habari hizo mbili zikasomwa kwa pamoja, na tafsiri iliyosambaa ni kwamba Kipunjabi kinakatwa vipande. Leo kimejitoa Kisaraiki, kesho kitajitoa Kipothwari, keshokutwa Kihindko, mpaka Mlahore abaki na lugha ya mtaa wake. Upande wa Multan, kwenye Kisaraiki, nako wapo wanaoshangilia, wakiamini kwamba wataalamu wa isimu wamekwisha kutoa hukumu na kesi imefungwa.

Naona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zote zinadhani kuna mpaka uliojificha ndani ya matamshi ya watu, na kwamba mpaka huo ukipatikana tutajua nani ni lugha na nani ni lahaja, na hapo ndipo hatima ya Kipunjabi itakapojulikana. Mpaka huo haupo. Na hata ungekuwepo, usingetuambia kwa nini Kipunjabi kinapungua, kwa sababu kupungua kwake kunatoka kwingine kabisa: kinapungua kwa kuwa mtoto wake akiingia darasani hakikuti humo, na jambo hilo linampata mtoto wa Multan, wa Rawalpindi na wa Lahore sawasawa. Kulipa jina la jirani heshima yake hakukiui Kipunjabi. Ugomvi wa majina ndio unaotufanya tusiitazame shule.

Tuanze na ardhi yenyewe. Jina Punjab ni la Kiajemi, maana yake maji matano, yaani mito mitano, na lahaja za huko zimekaa kwa kufuata mito hiyo. Katikati iko Majha, nchi ya Lahore na Amritsar, na Kimajhi chake ndicho kilichofanywa msingi wa Kipunjabi sanifu pande zote mbili za mpaka wa Pakistan na India. Kati ya mto Beas na mto Sutlej iko Doaba, yaani maji mawili, yenye miji ya Jalandhar na Hoshiarpur. Kusini ya Sutlej iko Malwa, yenye Ludhiana, Patiala na Bathinda. Mashariki kabisa, kuanzia Rupnagar kwenda Ambala, iko Puadh, ambayo wasomaji wengi hawajapata hata kuisikia. Nitairudia baadaye kwa sababu ina funzo kuliko zote. Ukielekea kaskazini unapanda uwanda wa Pothwar kuzunguka Rawalpindi, unavuka hadi Mirpur. Mbele zaidi, Abbottabad na Peshawar, unakuta Kihindko. Kusini-magharibi, Multan, Bahawalpur na Dera Ghazi Khan, ndiko kwenye Kisaraiki. (Kimewati kimo katika orodha ya Bunge kwa sababu ya jamii zilizohamia kutoka upande wa India, hicho ni cha tawi jingine na hakimo katika ugomvi huu.)

Sikiliza sasa neno moja dogo likisafiri. Mlahore akitaka kusema "kwangu" au "mimi" kama mtendewa, anasema mainu. Mtu wa Mirpur anasema miki. Wa Multan anasema mekun. Mlahore akiahidi kufanya kitu anasema karanga akiwa mwanamume, karangi akiwa mwanamke. Huko Multan mwanamume na mwanamke wote wanasema karesan, na Rawalpindi karsan. Ile s ndiyo inayobeba wakati ujao, na haijali jinsia ya msemaji. Kwa hiyo katika wakati ujao Rawalpindi na Multan wako pamoja na Lahore iko peke yake, ingawa Rawalpindi na Multan ziko ncha mbili za jimbo. Lakini katika kiunganishi cha umilikaji, ile -a yetu, Lahore na Multan zinasema da na Pothwar inasema na. Ukichora mstari kwa kufuata wakati ujao unapata ramani moja. Ukichora kwa kufuata umilikaji unapata nyingine. Hakuna mstari unaojichora wenyewe.

Matamshi nayo ni hivyo hivyo. Kipunjabi cha Lahore ni lugha ya toni, jambo lisilo la kawaida katika ukoo wake. Silabi zilezile, kora, zikitamkwa kwa sauti ya kawaida ni mjeledi, kwa sauti ya chini ni farasi, na kwa sauti ya juu ni mwenye ukoma. Farasi zamani alikuwa ghora, mwenye pumzi nzito kwenye gh. Pumzi hiyo Lahore imepotea na kuacha toni mahali pake, lakini Multan bado wanaitamka. Kwetu jambo hili si geni. Mzee wa Mombasa hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi inayofuata p, na wengi wetu wa bara tumeipoteza pumzi hiyo bila hata kujua kwamba iliwahi kuwepo. Kisaraiki kina hazina nyingine tunayoijua kinywani: b, d, g na j za kuvutia pumzi ndani kooni, kama wengi wetu tunavyotamka b ya baba na d ya dada bila kufikiri. Sisi tuna moja tu ya kila namna. Multan wanazo mbili mbili, ya kuvutia ndani na ya kusukuma nje, na ukizichanganya umesema neno jingine. Ndiyo maana waandishi wa Kisaraiki waliongeza herufi zao kwenye hati ya Kiarabu, zenye nukta za ziada, ambazo kitabu cha Kipunjabi cha Lahore hakina.

Aliyeupa ugomvi huu sura ya kisayansi ni George Grierson, ofisa wa Uingereza aliyesimamia uchunguzi mkubwa wa lugha za India ulioanza kuchapishwa mwaka 1903 na kukamilika 1928. Yeye aliugawa usemi wa Punjab pande mbili: Kipunjabi upande wa mashariki, na upande wa magharibi akakipa jina la Lahnda, yaani "magharibi", jina ambalo wasemaji wenyewe hawakuwa wakijiita. Ndani ya Lahnda akaweka Kimultani, Kipothwari, Kihindko na vingine. Lakini alikiri kwamba lugha hizo mbili zinayeyukiana taratibu kiasi kwamba mstari wake ni wa kukadiria. Kukiri huko kumesahauliwa, mstari ukabaki. Mwaka 1947, India na Pakistan zilipogawanywa, ukaja mpaka mwingine, wa damu, uliopita kati ya Lahore na Amritsar, miji iliyo umbali wa kilomita 50 hivi na inayozungumza Kimajhi kilekile. Upande wa India Kipunjabi kinaandikwa kwa hati ya Gurmukhi, upande wa Pakistan kwa Shahmukhi, hati yenye asili ya Kiarabu. Orodha za kimataifa zinazotumiwa na watengenezaji wa programu zikavipa misimbo miwili tofauti, Kipunjabi cha Mashariki na cha Magharibi. Hivyo jirani wa kilomita 50 wenye lahaja moja wamehesabiwa lugha mbili, na Jhang, yenye wakati ujao wa s na b ya kuvutia ndani, ikawekwa kapu moja na Lahore. Watu wanapoapa kwa "isimu" wangekumbuka kwamba orodha hizo zimefuata serikali na hati kuliko vinywa.

Hoja ya wanaotetea umoja ina uzito, na sitaki kuipuuza. Wanasema fasihi ni moja. Baba Farid wa Pakpattan, aliyeishi karne ya 12 na 13, aliimba kwa usemi ambao Mmultani anauona wake, na mashairi yake yamehifadhiwa ndani ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masinga, ambacho mkusanyo wake wa kwanza ulikamilika mwaka 1604. Bulleh Shah wa Kasur anaimbwa Multan, na Khawaja Ghulam Farid wa Mithankot, aliyefariki 1901, anaimbwa Lahore. Kisa kipendwacho kuliko vyote, cha wapenzi Heer na Ranjha, kilichotungwa upya na Waris Shah mwaka 1766, kinatokea Jhang, palepale ambapo mgawanyaji hajui aukatie mstari wapi. Wanaongeza kwamba lugha isiyotumiwa na serikali inahitaji wingi wa watu ili isikike, na ukiipunguza idadi umeinyang'anya silaha pekee iliyo nayo.

Hoja ya upande wa pili inatoka kwenye historia ya utawala zaidi ya sarufi. Bahawalpur ilikuwa dola ya nawabu, yaani mtawala wa kurithi, iliyojiunga na Pakistan mwaka 1947 ikiwa na serikali yake. Mwaka 1955 majimbo yote ya Pakistan ya Magharibi yaliunganishwa kuwa moja, na muungano huo ulipovunjwa mwaka 1970 Bahawalpur haikurudishiwa nafasi yake. Iliingizwa ndani ya Punjab. Watu wa kusini wakaona barabara, vyuo na ajira vikiamuliwa Lahore, na waliofika kuamua walisema lafudhi ya Lahore. Jina Kisaraiki, lililokubaliwa na waandishi mwanzoni mwa miaka ya 1960, liliwapa Mmultani, mtu wa Bahawalpur na wa Dera Ghazi Khan kofia moja ya kuvaa badala ya tatu. Mtu ambaye lugha yake imeitwa "Kipunjabi kibovu" maisha yake yote ana haki ya kutafuta jina lisilobeba neno kibovu ndani yake.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa kwa sauti kubwa, ni ile inayosema Kisaraiki ni cha kubuni kwa sababu jina lake halijafika hata miaka 70. Anayesema hivyo anachanganya umri wa jina na umri wa kinywa. Abul Fazl, mwandishi wa mfalme Akbar katika karne ya 16, alipoorodhesha lugha za India aliitaja lugha ya Multan kivyake. Kabla yake mshairi Amir Khusrau, mwanzoni mwa karne ya 14, aliitaja lugha ya Lahore, akaiita Kilahori. Neno Kipunjabi kama jina la lugha nzima lilienea baada ya hapo. Kwa kipimo cha umri wa jina, basi, Kipunjabi chenyewe ni kijana. Wanaosema "lakini tunaelewana" nao wawe waangalifu: Mlahore anamwelewa Mmultani kwa kiasi fulani, na Kihindi cha sinema nacho anakielewa. Kuelewana ni baraka ya majirani. Hakuwezi kutumika kumfuta jirani jina.

Sasa zije tarakimu, maana ndizo zilizowasha moto. Sensa ya 1981 ndiyo ya kwanza kuhesabu Kisaraiki kivyake. Ilikuta Kipunjabi asilimia 48, Kisaraiki karibu 10, Kihindko 2 na kidogo. Jumla ni 60. Mwaka 2023 Kipunjabi ni 37, Kisaraiki 12, Kihindko 2 na kidogo. Jumla ni 51. Warudishe wote nyumba moja, mfute majina yote mnayoyachukia, bado asilimia tisa hazionekani. Kisaraiki kimeongeza mbili tu, ilhali Kipunjabi kimepoteza kumi na moja. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni uzazi: Kipashto kimetoka 13 kufika 18, Kisindhi kutoka 12 kufika 14, kwa kuwa watu wa huko wameongezeka kwa kasi zaidi. Hapo hakuna lugha iliyokufa. Pia sensa ya 1981 iliuliza lugha ya kaya na za baadaye zikauliza lugha ya mtu, kwa hiyo ulinganisho una ufa. Ndiyo sababu napendelea kutazama ndani ya jimbo la Punjab pekee. Mwaka 1998 humo Kipunjabi kilikuwa asilimia 75 hivi na Kisaraiki 17. Mwaka 2023 Kipunjabi ni 67 hivi na Kisaraiki karibu 21. Kwa hiyo karibu nusu ya kilichopungua imekwenda kwa jirani, na nusu nyingine, alama kama nne katika jimbo lenye watu zaidi ya milioni 127, imekwenda nje ya familia nzima. Kiurdu kimepanda humo. Nusu hiyo ya pili ndiyo inayoniumiza, na sioni anayeandamana kwa ajili yake.

Ingia katika nyumba ya mtu wa kipato cha kati Lahore, Gujranwala au Rawalpindi. Baba na mama wanasemezana Kipunjabi. Mama akimgeukia mtoto anabadilisha hapohapo, anamsemesha Kiurdu, na mtoto akijibu kwa Kipunjabi anakaripiwa kwamba anaongea kishamba. Bibi anajitahidi na Kiurdu chake cha redio ili asimharibu mjukuu. Mama huyo hana chuki na lugha yake. Anaujua mlango wa shule ulivyo. Katika jimbo jirani la Sindh, mtoto hufundishwa Kisindhi na wapo wanaosoma masomo yote kwa Kisindhi. Punjab, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, mtoto anaingia darasa la kwanza akutane na Kiurdu na Kiingereza, na Kipunjabi anaweza kukichagua miaka mingi baadaye kama somo la ziada, wakati aibu imekwisha kuota mizizi. Mbunge amepewa ruhusa ya kusema Kipunjabi bungeni. Mwanawe bado hajapewa kitabu cha kusomea.

India inatupa ushahidi wa upande wa pili. Kidogri cha Jammu kilihesabiwa na Grierson kuwa lahaja ya Kipunjabi. Mwaka 2003 kiliingizwa kwenye katiba ya India kama lugha kamili, na wapo waliotabiri hasara. Sensa ya 2001 ilikuwa imehesabu wasemaji wa Kipunjabi India milioni 29. Ya 2011 ikakuta milioni 33. Kidogri kilipata jina lake na Kipunjabi kikaendelea kukua, kwa sababu katika jimbo la Punjab la India Kipunjabi ndicho lugha ya serikali na ya shule tangu jimbo hilo lilipochorwa upya mwaka 1966. Huwezi kupata jaribio lililo wazi kuliko hilo: penye darasa, jirani kujitenga hakudhuru.

Nimewahi kuliona jambo hili mwenyewe, mbali na Lahore. Afrika Mashariki tuna Wapunjabi tangu reli ya Uganda, iliyojengwa 1896 hadi 1901 na vibarua karibu 32,000 kutoka India, wengi wao wa Punjab. Kama 6,700 hawakurudi kwao, na wengine wakaja baadaye kama mafundi. Nilikuwa kwenye duka la vipuri Nairobi, la mzee Kalasinga ambaye babu yake alitoka Jalandhar. Akaingia mgeni kutoka Uingereza, mtu wa Mirpur, wa zile familia zilizohamishwa na bwawa la Mangla miaka ya 1960. Mgeni akasema miki. Mzee akaacha kuhesabu nati, akamwambia arudie, akacheka kwa furaha, na wakaongea nusu saa, huyu na mainu yake, yule na miki yake, hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Mjukuu wa mzee alikuwa akiandika risiti. Nikamuuliza wanasema nini. "Sijui, mzee. Mimi Kiswahili na Kizungu tu." Lahaja mbili zilizotengana kwa dini, hati na bahari zilielewana juu ya kaunta, aliyeachwa nje ni yule ambaye hakufundishwa hata moja.

Sisi tumepita njia hii na inafaa tuwaambie tuliyoyaona. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, uamuzi uliotupa vitabu, mitihani na magazeti yanayosomeka kutoka Lamu hadi Kigoma. Uamuzi huohuo ulimfanya mtoto wa Mombasa aandike mato akatiwe mkwaju mwekundu, ilhali Muyaka bin Haji alikwisha kutunga kwa Kimvita zaidi ya miaka 80 kabla ya mkutano. Sanifu ilihitajika, nasema hivyo bila kusita. Ila kosa halikuwa lazima: mwalimu angeweza kumwambia mtoto kwamba mato ni neno la kwao na macho ni la mtihani. Punjab bado iko kabla ya hatua hiyo. Inaweza kuandika kitabu cha Kimajhi kwa Lahore, cha Kisaraiki kwa Multan, cha Kipothwari kwa Rawalpindi, kwa miaka mitatu ya kwanza, na mashairi ya Baba Farid yakawa katika vyote vitatu. Wanaodai umoja wakipigania hilo pamoja na wanaodai utengano, kila mmoja anapata zaidi ya anachokipata leo.

Juni hiyohiyo ya 2024 Google iliongeza Kipunjabi cha Shahmukhi katika huduma yake ya kutafsiri. Nilifurahi. Lakini mashine hujifunza kwa kilichoandikwa, na lahaja isiyo na kitabu haitaandikwa, haitasomwa na mashine, na kijana atakayeiuliza simu yake atajibiwa kwa lafudhi ya mji mwingine. Hapo ndipo ninaporudi Puadh. Hakuna anayedai Kipuadhi ni lugha. Hakina chama, hakina herufi zake, hakikuingia katika orodha ya bunge lolote, na hakijawahi kumnyima Kipunjabi hata asilimia moja. Mwaka 1966 mipaka mipya ilikikata, kipande kikabaki Punjab, kingine kikaenda Haryana, na katikati ulikuwa umekwisha kujengwa mji mpya wa Chandigarh juu ya vijiji vyake, mashamba ya wazee wake yakiwa sasa barabara pana na ofisi za serikali. Wajukuu wa vijiji hivyo wanasema Kipunjabi cha shule, Kihindi na Kiingereza. Kipuadhi kimebaki kuwa lahaja tiifu ya Kipunjabi, kama watetezi wa umoja wanavyotaka kila lahaja iwe, na waliobaki wakikisema vizuri ni wazee.